Kititia Kilichoshonwa kwa Leso

Ni nani aliyelelewa katika Pwani yetu hii asiyekijua kititia? Mtoto huchuma ukuti mbichi wa mnazi, akachana majani yake, akasuka mabawa manne, kisha akayachoma katikati kwa njukuti. Halafu hutimua mbio kuuelekea upepo, na kititia kikazunguka hata jicho likashindwa kuyahesabu mabawa. Wengi wetu tumepata kuchapwa na mwalimu kwa kuchelewa chuoni kwa sababu ya kititia.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tuzungumze juu ya kititia, lakini si cha ukuti. Hiki ni cha nguo, na kwetu nyumbani kilikaribia kutugombanisha.

Mama yetu alipofariki aliacha sanduku la leso. Nyingi tulizitoa sadaka, nyingine wakachukua mabinti zake kwa makubaliano. Ikasalia doti moja aliyoipenda mno, imechakaa hata ukiinyanyua dirishani waona mwanga upande wa pili. Haifai kujitanda, haifai kupewa mtu, wala hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifanya tambara. Dada yangu mkubwa akaikunja, akaifukiza udi, akairudisha sandukuni.

Siku moja akanijia binti wa ndugu yangu, ambaye ni fundi wa cherehani. Mkononi ana picha ya mfarishi wa viraka wa Kimarekani.

"Ami," akaniambia, "niombee kwa shangazi anipe ile leso ya bibi. Nataka kuishona hivi, isije ikaliwa na mende humo sandukuni."

Nikaitazama picha, nikaona vititia vitupu, safu kwa safu, vyote vikielekea upande mmoja kana kwamba vinapigwa na kusi.

Nikaenda kwa dada. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mama tumemzika mzima, na leso yake itakaa nzima. Mkasi hauingii hapa."

Sikumlaumu. Kwanza, ana haki ya sheria. Alichoacha maiti, kiwe shamba au kiwe leso, ni mali ya warithi wote, na mmoja hawezi kukikata mpaka wenziwe waridhike. Pili, kiraka kwetu kimekuwa alama ya ufukara, na nani apendaye kumwona mamake amegeuzwa viraka? Hata hivyo nikaona pana neno la kusema.

Hilo jina "kiraka" tumelipata katika Kiarabu, na katika dini yetu kiraka hakikuwa fedheha. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Na katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kutoka kwa Anas kwamba alimwona Sayyidna Umar, naye wakati huo ndiye kiongozi wa Waislamu, ana viraka vitatu baina ya mabega yake, vimeshonwa kimoja juu ya kingine. Ikiwa mtu aliyeshika ufalme wa Kisra hakuona haya kuvaa viraka, sisi ni nani?

Isitoshe, leso yenyewe ilizaliwa kwa mkasi na uzi. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake wa huku na wa Unguja walinunua vitambaa vya mkononi, ambavyo Wareno waliviita lenço, vikiwa bado vimeungana katika jora. Walikata vitambaa sita, vitatu upande huu na vitatu upande huu, wakaziunga pande mbili hizo kwa uzi, wakapata nguo moja ya kujitanda. Baadaye wenye maduka wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, lakini jina la leso likabaki. Basi bibi zetu walikuwa mafundi wa kuunga vipande kabla hatujaiona picha yoyote kutoka ng'ambo.

Dada aliyasikiliza yote hayo kimya. Kisha akasema, "Kwanza ajaribu kwa nguo nyingine. Na jina la leso lisikatwe hata herufi moja." Warithi wengine wakaulizwa, wakaridhia.

Nguo aliyoichagua binti kujaribia ilikuwa merekani, na hapo pana kisa. Merekani ni pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu za bandari ya Salem. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akawa konseli wao Unguja. Nguo hiyo ilitawala soko letu mpaka Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi yake. Katika karne hiyo hiyo wanawake wa huko Marekani walikuwa wakiunga viraka vya pamba kufanya mifarishi, na kititia ni mmoja katika mitindo yao ya kale. Gazeti la Kansas City Star liliwachapia wasomaji wake mitindo ya viraka kuanzia 1928 hadi 1961. Naye Bibi Barbara Brackman ameikusanya zaidi ya 4,000 katika kitabu kimoja na kuipanga kwa umbo la mistari yake, ili mwenye picha isiyo na jina aweze kulipata jina.

Mistari ya kititia ni rahisi. Chora mraba, ugawe miraba minne midogo, kisha kila mmoja umkate mshazari, nusu nyeupe na nusu ya rangi. Siri yote imo katika kugeuza. Kila mraba mdogo lazima ugeuke robo duara kutoka kwa jirani yake. Ukikosea mmoja tu, kititia hakizunguki tena. Na miraba minne hiyo hiyo ukiipanga vingine unapata mtindo mwingine, ambao Wamarekani huuita Vyombo Vilivyovunjika.

Jaribio la kwanza liliharibika. Binti alikata pembetatu kwanza, ndipo akazishona. Nguo iliyokatwa hanamu huvutika kama mpira, na fundi yeyote alijua hilo, lakini yeye alidhani kipande kidogo hakina madhara. Pembe hazikukutana, na kititia kikatoka kimepinda kama kilichokanyagwa na ng'ombe.

Mara ya pili alifuata njia iliyo salama, nami naieleza kwa atakaye kujaribu. Kata miraba miwili ya merekani na miwili ya leso, kila mmoja inchi 4. Lalisha mraba wa leso juu ya mraba wa merekani, uso kwa uso. Piga mstari wa penseli kutoka pembe hata pembe. Shona kila upande wa mstari huo, umbali wa robo inchi, na hapo ndipo ukate juu ya mstari. Utapata miraba miwili, kila mmoja una rangi mbili, wala hanamu haikupata nafasi ya kuvutika. Fanya hivyo kwa ile jozi ya pili. Piga pasi, mshono ulalie upande wa rangi, kisha usawazishe kila mraba uwe inchi 3 na nusu. Ipange minne hiyo mezani, uitazame kabla ya kugusa cherehani. Shona miwili juu, miwili chini, mwisho unga safu zote mbili. Kikishonwa pamoja na vyenziwe, kititia kitakuwa cha inchi 6 kamili.

Pale katikati nguo hurundikana, ikawa na kinundu. Fumua nyuzi mbili tatu za nyuma, uilaze mishono izunguke upande mmoja. Utaona huko nyuma, pasipoonekana na mtu, pametokea kititia kingine kidogo.

Kwa leso kuukuu pana jambo moja zaidi: itie kanji, uipige pasi, ipate kusimama mbele ya mkasi. Leso mpya nayo ifuliwe kwanza, isije ikaruka wala kuchuja rangi juu ya merekani.

Leso ya mama imetoa vititia 30, vitano kwa sita. Majina mawili ya doti ile hayakuguswa. Moja limekuwa pindo la juu na moja pindo la chini.

Kabla mfarishi haujesha nilimsimulia dada habari za Missouri Pettway, mwanamke mweusi wa Gee's Bend huko Alabama. Mwaka 1942, baada ya kufiwa na mumewe, alizichukua nguo za kazi za marehemu, zilizochakaa kwa shamba, akazishona mfarishi ili ajifunike na kumkumbuka. Mifarishi ya kijiji hicho ilikuja kuwekwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, watu wakaenda kuitazama kama watazamavyo picha za mabingwa. Dada akauliza swali moja tu: "Huyo mama aliikata mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo.

Mfarishi ulipoletwa, dada alilitafuta jina kwanza. Akalisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu hakuurudisha sandukuni. Alimfunika mjukuu wake aliyekuwa amelala mkekani.

Nami nawaachia wasomaji ubeti huu:

Leso japo kuukuu, usiitupe jaani,
Pima chini, shona juu, kisha kata kwa makini,
Ifike kwa wajukuu, jina libaki pindoni,
Kititia cha nyumbani, upepo wake ni mama.