Maswali ya Wanaoanza Kujifunza Python



Vijana waliomaliza shule, pamoja na kina mama wa vyama vya akiba, wameanza kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo tumeona tuyajibu hapa kwa pamoja. Si mambo ya mchezo: nafasi chache tu zikikosewa, mtu anaandikiwa deni ambalo hakulichukua.

Je, Python ni lugha ya nyoka?

La. Ilianzishwa na Mholanzi, Guido van Rossum, mwishoni mwa mwaka wa 1989 huko Amsterdam, na ikatolewa kwa watu mwaka wa 1991. Jina alilitoa kwa kipindi cha vichekesho cha BBC, Monty Python's Flying Circus. Ni ya bure, haiuzwi.

Mbona mistari mingine inasukumwa ndani?

Lugha kama C na Java hutumia mabano kuonyesha kazi zinazokwenda pamoja. Python hutumia nafasi iliyo mwanzo wa mstari, na kawaida ni nafasi 4. Hebu tazama:

if ameomba and akiba >= 1000:
    print("Akopeshwe")
    deni = deni + 3000

Ile nukta mbili mwisho wa mstari wa kwanza inasema, "yanayofuata ni ya hapa." Basi mstari wa deni unamhusu tu yule aliyeomba mkopo na mwenye akiba ya shilingi 1,000 au zaidi. Ukiuvuta mstari huo nje, ukalingana na ule wa kwanza, kompyuta haitalalamika hata kidogo. Itaandikia kila mwanachama deni la 3,000, hata mama ambaye hajakopa hata senti!

Kwa nini kuna = moja na == mbili?

Moja ni ya kuweka, mbili ni za kuuliza. akiba = 500 maana yake ni "weka 500 kwa jina la akiba." akiba == 500 ni kuuliza, "je, akiba ni 500?" Ndiyo sababu deni = deni + 3000 si wazimu. Kompyuta inapiga hesabu ya upande wa kulia kwanza, halafu inaweka jibu kwa jina lile lile la deni.

Niliandika 50 na 20, mbona nimepata 5020?

Si uchawi. Kila unachokiandika kwa kibodi, input hukipokea kama maandishi. Alama ya + ikikutana na maandishi inayaunganisha tu, kama mabehewa ya treni. Yageuze kwanza yawe namba kwa kuandika int(input()), nawe utapata 70.

Ati 0.1 + 0.2 si 0.3?

Jaribu, utaona 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa njia hiyo 0.1 haiandikiki ikaisha. Hata sisi tukigawa 1 kwa 3 tunapata 0.333 bila mwisho, mahali fulani tunakata. Lugha nyingine nyingi zina tabia hii pia. Kwa pesa za chama, dawa ni rahisi: weka hesabu kwa senti, namba kamili. Shilingi 12 na senti 50 iandikwe 1250. Namba kamili zikijumlishwa hazipotezi kitu.

Mwisho, kabla ya kuingiza majina yote ya chama, jaribu programu yako kwa watu watatu: mmoja aliyekopa, mmoja asiyekopa, na mmoja mwenye akiba ya 1,000 kamili. Piga hesabu zao kwa kalamu kwanza, kisha linganisha. Kompyuta haijui ulikusudia nini. Inajua tu ulichoandika.