Saa Iliyo Ndani ya Jani la Miraa

Nguvu ya miraa hukaa kwenye machipukizi machanga, na haikai sana. Kijiti kilichochumwa asubuhi Maua au Kangeta, kaunti ya Meru, bado ni kikali jioni yake. Zikipita siku mbili tatu, mtafunaji hukitema. Ndiyo maana pikapu za miraa huendeshwa kwa kasi ya kutisha kuelekea Nairobi. Huko Kinoru, mjini Meru, muuzaji hulijua jambo hili bila maabara. Hufungua kidogo tu jani la mgomba lililofunika kitita, huchomoa kijiti kimoja, hutazama wekundu wa ncha yake, hujaribu gome kwa ukucha aone kama linabanduka, kisha hufunika tena upesi. Biolojia ya seli inaeleza kile anachokikagua.

Jina la kisayansi la mti huu ni Catha edulis. Alilitoa Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Muguka wa Mbeere, kaunti ya Embu, ambao huliwa majani peke yake bila vijiti, ni mti wa aina hiyohiyo. Wanakemia wa Ulaya walihangaika na mti huu muda mrefu kwa sababu majani yaliwafikia yakiwa makavu. Ndani yake walipata kathini, iliyotambuliwa barabara mwaka 1930, lakini kathini ni dhaifu na haikuweza kueleza uchangamfu unaompata mtafunaji. Jibu lilipatikana mwaka 1975, pale maabara ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipotenga kathinoni, kemikali ambayo kukauka kwa majani huiharibu.

Kathinoni haitoki ardhini. Seli za jani huitengeneza zenyewe. Malighafi yake ni fenilalanini, asidi amino ya kawaida ambayo kila mmea huwa nayo kwa ajili ya kujenga protini. Vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kemia ndani ya seli, huikata fenilalanini na kuifupisha. Kipande kinachobaki huunganishwa na kaboni mbili, halafu hutiwa naitrojeni, na hapo kathinoni imekamilika. Lakini seli haiishii hapo. Kimeng'enya kingine huiongezea kathinoni hidrojeni na kuigeuza kuwa kathini au norefedrini, ambazo ukali wake ni mdogo.

Mwaka 2007 Raz Krizevski, Efraim Lewinsohn na wenzao nchini Israeli walionyesha jinsi hatua hizo zinavyofuata umri wa jani. Kathinoni, pamoja na kemikali inayoitangulia, waliikuta katika majani machanga na maua. Katika majani yaliyokomaa walikuta kathini na norefedrini. Jani linapokua juu ya mti, basi, hujipunguzia ukali wake lenyewe, na likichumwa na kuachwa linyauke mabadiliko yanaelekea upande uleule. Mkono wa mchumaji wa Igembe huko Meru, unaoacha majani mapana na kufuata ncha nyekundu tu, unafuata mpaka huohuo. Jani la mgomba nalo ni zaidi ya karatasi ya kufungia: kwa kuzuia unyevu usipotee, linaichelewesha saa iliyo ndani ya jani la miraa.

Swali lililobaki ni jeni zipi zinazotoa maagizo ya vimeng'enya hivyo. Maabara ya Peter Facchini katika Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, ikishirikiana na kundi la Lewinsohn, ilisoma jumbe za RNA zilizomo katika machipukizi ya miraa na kuchapisha matokeo mwaka 2011, na tena mwaka 2015. Mara ya pili miraa ililinganishwa na Ephedra sinica, mmea wa dawa wa Kichina unaotoa efedrini. Mimea hiyo miwili haina udugu wa karibu, lakini kemia yake inafanana mno. Kilichopatikana ni orodha ya jeni zinazoshukiwa, na kushuku si kuthibitisha. Kila jeni inabidi itolewe, ipandikizwe ndani ya bakteria au hamira, kisha protini yake ilishwe kemikali inayodhaniwa kuwa chakula chake ili ionekane inatoa nini. Kazi ya namna hii humla mwanafunzi wa uzamili au uzamivu miaka kadhaa, na mara nyingi jibu huwa ni hapana. Hata hapana hiyo ina faida yake, kwa kuwa inaipunguza orodha.

Katika mwili wa binadamu kathinoni hufika kwenye ubongo haraka. Molekuli yake inafanana sana na ya amfetamini. Kinachozitenganisha hasa ni atomu moja ya oksijeni. Kathinoni huzifanya seli za neva kumwaga dopamini, na hapo huja ile hali watafunaji wanayoiita handas: maneno mengi, usingizi kupaa, njaa kusahaulika. Moyo nao huongeza mbio na shinikizo la damu hupanda, jambo ambalo mwenye ugonjwa wa moyo hapaswi kulichezea hata kidogo.

Utafiti unaowagusa Wameru moja kwa moja zaidi ulihusu asili ya mti wenyewe. Luke Tembrock, aliyeichunguza miraa akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Colorado State University, Marekani, pamoja na wenzake kutoka nchi kadhaa, walipima DNA ya miti 1,561, ya porini na ya shambani, kutoka Kenya, Ethiopia na Yemen. Walitumia sehemu 17 ambapo vipande vifupi vya DNA hujirudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mti na mti. Kwa alama hizo nasaba hufuatika. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Mara nyingi husimuliwa kwamba miraa ilienea kote kutoka Ethiopia au Yemen. DNA ilionyesha chimbuko moja Ethiopia na mawili Kenya, na kimoja cha vyanzo vikuu kiko kaskazini-mashariki mwa Mlima Kenya, upande wa Nyambene. Miraa ya Yemen ilitoka Ethiopia. Ile yenye asili ya Kenya haikuvuka kwenda Ethiopia wala Yemen, ila miti michache ya Kiethiopia iliingia Kenya, na kaskazini mwa nchi imo miti chotara. Tena miti ya mashambani Kenya haijaachana sana na ndugu zake wa msituni, tofauti na ile ya Ethiopia.