Kambi ya Bwawa Inapovunjwa

Bwawa la umeme hujengwa na watu wengi kwa miaka michache, kisha huendeshwa na watu wachache kwa miaka mingi. Hapo ndipo yanapoanzia matatizo ya makazi yanayojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mabwawa, na ni vema katibu wa chama cha msingi akayafahamu kabla mkandarasi hajafika kuulizia mahindi na maharage.

Mfano ulio karibu ni Mtera, ambapo barabara ya Iringa kwenda Dodoma hupita juu ya bwawa lenyewe. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975. Sehemu ya maji hayo hutoka katika milima ya Kipengere, upande wa Njombe. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilifuata mwaka 1988. Nchi ile ni kame, na kambi iliyojengwa pale haikuwa na shamba la kuitegemea, ilitegemea mshahara.

Ujenzi ulipokwisha, kilichowabakiza watu Mtera ni samaki. Ziwa lililotokana na bwawa lilivuta wavuvi na wachuuzi, na perege wakapata soko Iringa na Dodoma. Lakini riziki hiyo nayo hufuata maji. Mwaka 2006 kina kilishuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kabisa kilichowekwa kwa kuendesha mitambo. Nchi ililalamikia giza. Mvuvi aliyeona ziwa likirudi nyuma hakusikika sana.

Mawengi, wilayani Ludewa, hapakuhitajika mji. Mtambo wa kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia na Umoja wa Ulaya, uliwekwa chini ya jumuiya ya watumiaji iitwayo LUMAMA. Mtambo wa kiasi hicho huhitaji mafundi wachache, wanaoweza kulala majumbani kwao.

Penye kazi kubwa, hata hivyo, kambi haiepukiki, nayo hununua kwa mkopo. Msimamizi wa jiko huchukua magunia kwa hati ya kulipwa mwisho wa mwezi. Mkandarasi mdogo akihama tarehe ishirini, chama hubaki na kitabu cha madeni. Yafaa hati isainiwe na mkandarasi mkuu, na mzigo wa pili usitoke kabla ya wa kwanza kulipwa.

Jambo la mwisho ni nyumba. Kijiji kikitoa ardhi, muhtasari wa mkutano utaje ni nani atakayerithi nyumba, kisima na zahanati siku kambi itakapofungwa. Muhtasari huo uandikwe kabla ya tofali la kwanza. Mabati yakishapakiwa kwenye lori, hakuna tena wa kuzungumza naye.