Chanjo ya Ndigana Kali na Amana ya Mifugo

Mnyama hana ulimi wa kueleza maradhi yake. Kwa hiyo kumlinda ni amana iliyo shingoni mwa mwenye naye. Katika nyanda zetu za kati, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya watoto, ni akiba ya mwaka wa njaa. Akiumwa na kupe wa masikioni mwenye vimelea vya ndigana kali, tezi huvimba, homa hupanda, pumzi hubana, na mara nyingi hufa.

Katika miaka ya 1970, huko Muguga karibu na Nairobi, wataalamu walitengeneza chanjo yake. Vimelea hai hutolewa ndani ya kupe na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ng'ombe mwenye afya hudungwa vimelea hivyo siku moja na dawa ya oksitetrasaiklini inayouzuia ugonjwa usimzidi nguvu. Mwili hujifunza kujilinda, na kinga hudumu miaka mingi. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wamenufaika nayo sana.

Hata hivyo, tusighafilike. Chanjo hii humkinga ng'ombe na ndigana kali tu, kupe haimuui. Ndigana baridi na maji moyo bado vipo. Basi anayetenga fedha za kuchanja ndama wake asizichote katika fungu la josho.