Soma Tairi Lililokwisha Kabla Hujanunua Jipya

Madereva wengi hulitazama tairi upande wa nje tu, ule unaoonekana gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana matairi mengi ya mbele hugundulika yamekwisha siku fundi anapoyavua: nje mifereji bado mizuri, ndani kipara kitupu, pengine hata nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia. Mwenye gari huilaumu kampuni ya tairi, hununua jingine, na haupiti muda mrefu analalamika tena. Tairi halikuwa na kosa. Kuna kitu kwenye gari kililifanya liishe vile, na kitu hicho bado kipo.

Habari njema ni kwamba kila kasoro hulila tairi kwa namna yake, na alama zake zinasomeka bila mashine.

Tuanze na upepo. Tairi lililoliwa mabega yote mawili huku katikati likiwa zima limetembea na upepo pungufu. Lililoliwa katikati peke yake lilijazwa kupita kiasi. Hapo alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, haihusiki kabisa, na atakayekulipisha kwa ajili hiyo hajakusaidia. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari mengi madogo huwa karibu na psi 30 au zaidi kidogo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, wala si kipimo cha gari lako. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi likipata moto upepo wake hupanda na kipimo hudanganya.

Ukiona vishimo vinavyopishana kulizunguka tairi, hapa pameliwa, pale pamebaki, angalia shokapu. Shokapu iliyokufa huliacha gurudumu lirukeruke juu ya lami, na kila linapotua hung'oa kidogo. Gurudumu lisilofanyiwa balansi nalo huweza kuleta alama kama hizo. Baka moja tu lililokwanguka hadi kuwa bapa ni kazi ya breki zilizofunga gurudumu ghafla.

Alama mbili zinazobaki ndizo za alaimenti.

Ya kwanza ni bega moja kuliwa likawa laini, la ndani au la nje. Mara nyingi hiyo ni kemba, yaani jinsi gurudumu linavyolala ukilitazama kutoka mbele ya gari. Likilaza kichwa ndani, bega la ndani hubeba mzigo kuliko la nje, na ndilo linaloisha mapema.

Ya pili haionekani kwa urahisi, ila mkono unaijua. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha ukirudishe. Kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili, hiyo ni too. Too ni mwelekeo wa magurudumu mawili ukiyatazama kutoka juu: ncha zake za mbele zaweza kukaribiana au kuachana, kama miguu ya mtu aliyesimama vidole vikitazamana au vikikimbiana. Zikikaribiana kupita kiasi, mabega ya nje huliwa, na mkono huteleza ukiingia ndani, hukwaruzwa ukitoka. Zikiachana, mambo hugeuka: ndani ndiko kunakoisha.

Kati ya kasoro zote za alaimenti, too ndiyo mlaji mkubwa, na hesabu yake inatisha. Chukua tairi la kawaida lenye kipenyo cha sentimita 60 hivi. Likikosea mwelekeo kwa nyuzi 0.2 tu, ukingo wake wa mbele umesogea kama milimita 2 kuliko wa nyuma, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini kwa kila kilomita moja unayokwenda, tairi hilo huburutwa kwenda pembeni mita 3.5 hivi. Toka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ya kilomita 450 hivi, na mpira wako umesuguliwa pembeni zaidi ya kilomita moja na nusu. Hakuna tairi, liwe la bei gani, litakalostahimili hayo.

Pembe ya tatu inayopimwa ni kasta, mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Hii hailili tairi sana. Kazi yake ni kuunyoosha usukani baada ya kona na kulituliza gari kwenye mwendo. Ikitofautiana kulia na kushoto, gari huvuta upande.

Pembe hizi huharibikaje? Mashimo na matuta yanayovukwa kwa kasi ndiyo sababu iliyozoeleka, lakini zipo nyingine ambazo wenye magari hawazifikirii. Mojawapo ni spesa. Magari mengi yanayotoka Japani hukaa chini, nasi huyainua kwa kuweka spesa juu ya shokapu ili yapite barabara zetu. Gari likipanda, mikono ya chini na tairodi hubadili ulalo wake, na kemba na too huhama. Gari lililowekwa spesa likatoka gereji bila kupimwa limetoka na ugonjwa. Kinyume chake pia ni kweli: Subaru Forester iliyochoka springi za nyuma na kuzoea mizigo hukaa chini, magurudumu ya nyuma yakalaza vichwa ndani, na mabega ya ndani yakaisha huku dereva akikagua ya mbele tu.

Sababu kubwa kuliko zote ni vifaa vilivyochakaa: bushi, boljointi, tairodi endi na beringi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kumpimia alaimenti mtu ambaye tairodi endi yake inacheza ni kupima kitu kisichotulia. Mashine itaonyesha rangi ya kijani, karatasi itatoka safi, na kwenye tuta la kwanza gurudumu litarudi lilikokuwa. Kwa hiyo mwambie fundi alipandishe gari kwa jeki kwanza. Ashike gurudumu la mbele kulia na kushoto, alitikise. Likicheza, mshukiwa wa kwanza ni tairodi. Ashike juu na chini. Likicheza, ni boljointi au beringi. Kilichochakaa kibadilishwe ndipo gari lipelekwe kwenye mashine.

Kwenye mashine kuna mpangilio. Upepo husawazishwa kwanza. Magurudumu ya nyuma hupimwa kabla ya ya mbele, kwa kuwa ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Usukani hunyooshwa na kufungwa, kisha kemba na kasta hurekebishwa pale zinaporekebishika, na too huwa ya mwisho kwa sababu kuzigusa hizo mbili huihamisha. Kwenye magari kama Toyota Vitz na IST, kinachorekebishika mbele kwa utaratibu wa kiwandani ni too peke yake. Kemba ikiwa imekosea huko, tafuta kilichopinda au kilichochakaa. Usikubali kuondoka bila karatasi inayoonyesha vipimo vya kabla na vya baada. Na usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, mrudishie fundi kazi yake, hajaimaliza.

Tusichanganye pia alaimenti na balansi. Usukani unaotetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa kwa kawaida unadai balansi, vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu. Na gari linaloelea kushoto polepole ukilegeza mikono si lazima liwe bovu: barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke kando, nasi tunaendesha kushoto.

Kuzungusha matairi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ni tabia nzuri kwa gari zima. Kwa gari lenye kasoro ni kuigawia kasoro hiyo matairi manne badala ya mawili.

Kwa hiyo pima alaimenti kila unapofunga matairi mapya, unapobadilisha kifaa chochote cha usukani au cha mguu wa gari, unapoweka spesa, na baada ya kugonga shimo kwa nguvu. Mara nyingi gharama yake haifiki bei ya tairi moja. Na siku ya kununua matairi, usiyaache ya zamani dukani kabla hujayageuza ukaona yaliliwa wapi, maana mapya yataliwa papo hapo.