Karatasi za nota

Karatasi za nota (pia: nota za muziki, au kwa kifupi nota) ni maandishi yanayoonyesha muziki kwa alama, ili mpigaji wa ala au mwimbaji aweze kuutoa hata kama hajawahi kuusikia. Zinaweza kuandikwa kwa mkono, kuchapishwa au kusomwa kwenye skrini ya kompyuta.

Karatasi hizo hutofautiana kulingana na watu watakaozitumia. Muziki wa mpigaji mmoja huandikwa wote mahali pamoja. Muziki wa kikundi kikubwa kama okestra kwa kawaida huandaliwa kwa namna mbili: partitura, inayoonyesha sauti zote kwa pamoja, na karatasi za sehemu, ambamo kila mpigaji hupata sauti yake peke yake.

## Alama za msingi

Mfumo unaotumika zaidi duniani ni ule wa mistari mitano ya mlalo. Nota ikiwekwa juu zaidi katika mistari, sauti yake huwa ya juu zaidi. Umbo la nota huonyesha itadumu mapigo mangapi. Mwanzoni mwa mistari huwekwa alama iitwayo ufunguo, inayoeleza mstari upi ni wa sauti ipi. Ndiyo maana ala za sauti nene na za sauti nyembamba zinaweza kutumia mistari mitano ileile.

Kimya nacho huandikwa. Kila nota ya urefu fulani ina alama ya kimya cha urefu huohuo. Katika kikundi alama hizo zina uzito sawa na nota zenyewe, kwa kuwa mpigaji anayeingia kabla ya wakati huwaharibia wenzake wote.

## Nota za ala moja

Nota za piano huandikwa katika mistari mitano miwili iliyounganishwa kwa mabano: ya juu kwa kawaida ni ya mkono wa kulia na ya chini ni ya mkono wa kushoto. Ala kama fidla, filimbi au tarumbeta hutosheka na mistari mitano mimoja.

Fidla ikisindikizwa na piano, mpigaji wa piano hupewa karatasi yenye sauti zote mbili, ile ya fidla ikiwa imechapwa juu kwa herufi ndogo zaidi. Mpigaji wa fidla hupewa karatasi ya sauti yake tu. Hivyo mwenye piano ndiye anayeweza kumfuata mwenzake kwa macho, na kumngoja akichelewa.

Mfano unaojulikana wa muziki wa ala moja ni kazi za Johann Sebastian Bach wa Ujerumani. Kazi zake sita za fidla bila kusindikizwa zimehifadhiwa katika mwandiko wake mwenyewe wa mwaka 1720. Lakini mwandiko wake wa kazi sita za sello haujapatikana hadi leo. Kazi hizo zinajulikana kwa sababu zilinakiliwa na watu wengine, akiwemo mke wake Anna Magdalena. Nakala hizo hazilingani kila mahali, hasa katika matao yanayoonyesha nota zipi zipigwe kwa mvuto mmoja wa upinde. Kwa hiyo matoleo yanayouzwa leo hutofautiana, na kila mpigaji wa sello analazimika kuchagua lipi alifuate.

## Nota za kikundi

### Partitura

Katika partitura kila ala ina mistari yake, na nota zinazosikika kwa wakati mmoja huwekwa moja juu ya nyingine. Katika okestra ala za kupuliza za mbao huwa juu, zikifuatwa na za shaba, kisha ngoma, na chini kabisa ni ala za nyuzi zinazopigwa kwa upinde. Partitura hutumiwa na mwongozaji wa okestra, ambaye kwa kuitazama hujua nani anaingia lini na nani amekosea.

Wapigaji hawaitumii kwa sababu ya kawaida kabisa: mikono yao ina kazi. Ukurasa mmoja wa partitura ya okestra unaweza kumalizika kwa sekunde chache, na mpigaji angekuwa akifungua kurasa kuliko kupiga.

### Karatasi za sehemu

Karatasi ya sehemu nzuri hutayarishwa kwa uangalifu:

* Kimya kirefu hakiandikwi alama kwa alama, bali huwekwa mstari mmoja mnene na namba ya vipimo vya kuhesabu.
* Baada ya kimya kirefu huongezwa nota ndogo za ala nyingine, ili mpigaji asikie mwenzake na kujua kuwa zamu yake imekaribia.
* Mwisho wa ukurasa huwekwa mahali penye kimya, ili mkono upate nafasi ya kufungua.
* Herufi au namba huwekwa kando ya nota, zikilingana na zile za partitura, ili katika mazoezi mwongozaji aweze kusema "tuanze herufi C" na wote wafike hapohapo.

Katika okestra wapigaji wa fidla huketi wawiliwawili wakitumia karatasi moja. Mmoja hufungua ukurasa huku mwenzake akiendelea kupiga.

Jambo linalowachanganya wanaoanza ni kwamba baadhi ya ala hazitoi sauti ileile iliyoandikwa. Klarineti ya kawaida na tarumbeta nyingi za bendi hutoa sauti iliyo chini kwa toni moja kuliko nota wanayoisoma wapigaji. Mwandishi wa sehemu hulazimika kuziandikia toni moja juu zaidi. Mpigaji wa klarineti akipewa kwa makosa karatasi ya filimbi, atapiga kila nota kama ilivyoandikwa na bado hatapatana na wenzake.

## Historia

Katika karne ya 11 mmonaki Guido wa Arezzo, nchini Italia, aliboresha uandishi wa nota kwa kutumia mistari, na akafundisha kuimba kwa silabi ambazo ndizo asili ya do, re, mi za leo. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci alichapisha huko Venice kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kwa herufi za chapa. Kazi yake ilikuwa safi lakini ghali, kwa kuwa karatasi ilipitishwa mashineni zaidi ya mara moja. Mnamo 1528 Pierre Attaingnant wa Paris alianza kuchapa mistari na nota kwa mara moja, na bei ikashuka.

Wakati huo nyimbo za kikundi mara nyingi zilihifadhiwa katika vitabu tofauti, kila sauti na kitabu chake, bila partitura. Desturi hiyo ilikuwa na hatari: kitabu kimoja kikipotea, nyimbo zote zilizomo hubaki na pengo. Ndivyo ilivyotokea kwa vitabu vilivyonakiliwa na John Baldwin wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 16. Kitabu cha tena kimepotea. Nyimbo ambazo hazikunakiliwa kwingine zinaweza kuimbwa leo ikiwa tu mtaalamu ametunga upya sauti hiyo kwa kukisia.

Baadaye nota zilichongwa kinyumenyume kwenye mabamba ya madini. Mwaka 1785 kampuni ya Artaria ya Vienna ilichapisha kwarteti sita za Mozart alizozitoa kwa heshima ya Haydn. Wanunuzi walipata karatasi nne za sehemu, bila partitura. Mnamo 1796 Alois Senefelder alivumbua uchapaji wa kutumia jiwe, na nota zilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo.

## Afrika Mashariki

Katika kwaya nyingi za Afrika Mashariki nota zinazojulikana zaidi ni za sol-fa, zinazotumia herufi d, r, m, f, s, l, t badala ya mistari mitano. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover. Wamisionari waliufikisha sehemu nyingi za Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake unatumika katika wimbo wa taifa wa Tanzania, alitumia sol-fa.

Faida yake kubwa ni gharama. Sol-fa huandikwa kwa herufi na alama za kawaida, hivyo mwalimu wa kwaya aliweza kuzipiga kwa taipureta, kuzitoa kwa mashine ya stensili au kuziandika ubaoni. Kwaya huandikiwa sauti nne pamoja, moja chini ya nyingine, na kila mwimbaji huona za wenzake. Upungufu wake ni kwamba muziki wa ala wenye nota nyingi kwa wakati mmoja ni mgumu kuandikwa hivyo. Bendi za shaba, zikiwemo za polisi na majeshi, hutumia mistari mitano.

Taarabu kwa sehemu kubwa imefundishwa kwa kusikiliza. Huko Zanzibar chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa kikifundisha pia kusoma nota. Maqamu ya Kiarabu yana sauti zilizo kati ya zile za piano, na kwa ajili yake mistari mitano huongezewa alama maalumu.

## Hakimiliki na kompyuta

Nota ni kazi inayolindwa na sheria. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, unadai kazi ilindwe angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kutoa nakala za karatasi za sehemu bila ruhusa katika muda huo kwa kawaida ni kosa, hata kama kikundi kimenunua partitura.

Kazi ambazo ulinzi wake umekwisha hupatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006. Programu kama MuseScore, isiyolipiwa, humwezesha mtu kuandika partitura mara moja, kisha kompyuta ikatoa karatasi za sehemu yenyewe. Wimbo ambao kiongozi wa kwaya anaujua kwa kichwa tu unaweza kuandikwa kwa njia hiyo kabla haujaondoka pamoja naye.

## Tazama pia

* Kwaya
* Okestra
* Sol-fa
* Taarabu