Mbele ya meza ya farmasi: nani anauliza habari ya damu ya mtoto?



Juma lililopita tulikuwa sita wa chama chetu. Tuligawanyika wawili wawili, tukapita kwenye farmasi nane, zingine karibu na soko la Kikula, zingine upande wa Panda. Hatukwenda kununua dawa. Tulikwenda na swali moja tu: "Papa, mtoto wetu hana G6PD ya kutosha katika damu. Dawa gani tusimpe?"

Swali hilo lilitoka kwa mwenzetu mmoja. Mtoto wake wa kiume wa miaka saba alilalamika maumivu wakati wa kukojoa. Mama akaenda kwenye farmasi ya mtaani, akapewa vidonge sita, vilivyokatwa kwa makasi kutoka kwenye plakete kubwa, bila boksi, bila karatasi, bila jina. Siku ya pili mkojo wa mtoto ukawa mweusi kama chai kali. Siku ya tatu macho yakawa manjano, na hakuweza tena kusimama. Lopitalini walimtia damu. Daktari aliuliza: "Ni dawa gani alikunywa?" Mama akaonyesha kipande cha plakete, mahali ambapo jina lilikuwa limekatwa. Hata leo hajui ni dawa gani ilimfanyia mtoto wake hivyo. Miezi iliyofuata ndipo kipimo kikaonyesha kwamba mtoto huyo alizaliwa na upungufu wa G6PD.

Tuseme kidogo G6PD ni nini. Chembe nyekundu za damu zina kitu ndani yake kinachozilinda zisiharibiwe na dawa fulani na vitu vingine vikali. Mtu aliyezaliwa na kitu hicho kidogo anaishi vizuri, anacheza mpira, anasoma, hakuna anayemtambua. Siku anapomeza dawa isiyofaa, chembe zake zinapasuka nyingi kwa mara moja. Ndiyo maana mkojo unakuwa mweusi na macho yanageuka manjano. Duniani watu wapata milioni 400 wamezaliwa hivyo, na sisi wa nchi za malaria tuko wengi kati yao. Wataalamu wanafikiri ni kwa sababu hali hiyo inamkinga mtu kidogo na malaria, kwa hiyo haikupotea katika koo zetu.

Sisi wa Likasi hatuko wageni wa mambo haya. Nani kati yetu hajasikia AA, AS na SS? Vijana wanaulizwa kabla ya ndoa, na wamama wenye watoto wa SS wanajua maana ya kupima damu ili kujua kitu kilichotoka kwa wazazi. G6PD ni ndugu ya jambo hilo, lakini njia yake ya kurithiwa ni nyingine. Inapita hasa kwa mama. Mama mwenye kuibeba anaweza kuwa mzima kabisa, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Mabinti nao wanaweza kuguswa, lakini mara nyingi si sana, kwa sababu wana akiba ya upande wa baba. Tunalisema wazi kwa sababu tunajua maneno ya nyumbani kwetu: "damu mbaya ya ukoo wa mama". Hakuna damu mbaya hapa. Mwenzetu huyo alikwisha kusikia maneno hayo kutoka kwa mawifi zake, na yalimuumiza karibu kama ugonjwa wenyewe.

Turudi kwenye farmasi zetu nane. Katika tano, muuzaji alidhani G6PD ni jina la dawa. Mmoja alituambia imekwisha, turudi kesho. Tulicheka njiani, lakini kicheko hakikukaa. Katika mbili, wauzaji walikuwa wamesoma uuguzi. Walikumbuka jina, hawakukumbuka dawa. Katika ile ya nane tulimkuta mfamasia mwenyewe, ni kusema aliyesoma chuo kikuu, Lubumbashi. Alitutajia dawa moja kwa moja bila kufungua kitabu. Tukamuuliza: "Na wewe, wamama wakija, unawauliza?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hapana, mama. Ordonansi haiandiki, mama hasemi, na mimi nina watu kumi wanaongoja. Ninajua, lakini ninajua peke yangu."

Farmasi nane si mji mzima. Lakini neno la mfamasia huyo tunalirudia tangu siku ile.

Mambo haya yaligunduliwa zamani. Mwaka 1956 huko Marekani, wataalamu waliokuwa wakichunguza primakini, dawa ya malaria, walionyesha kwamba waliopasuka damu kwa dawa hiyo walikuwa na upungufu wa G6PD. Na Afrika yetu ilipata somo lake. Mwaka 2003 dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap ilikubaliwa Uingereza kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Ilikuwa ya bei ya chini, tena ilikuwa imejaribiwa kwa watoto, Kenya ikiwemo. Ndani yake mlikuwa na dapsoni. Watoto wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu sana, na mwaka 2008 kampuni ikaiondoa sokoni. Kumpima kila mtoto kabla ya kumpa dawa hakukuwezekana katika zahanati na maduka ambako dawa hiyo ilikuwa inakwenda. Kwa maoni yetu hapo ndipo pa kujifunza: ujuzi ulikuwepo tangu 1956, lakini haukufika kwenye meza inapouzwa dawa.

Dawa za kukumbuka ni hizi. Dapsoni, inayotumika kwa ukoma. Primakini ya siku nyingi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2012 kwamba dozi moja ndogo ya primakini kwa malaria yetu ya kawaida inaweza kutolewa bila kipimo, kwa hiyo msimkatalie daktari. Blu ya metileni. Na nitrofurantoini ya maambukizo ya mkojo, ambayo karatasi yake yenyewe inaonya. Mwongeze naftalini, zile vidonge vyeupe tunavyoweka katika masanduku ya nguo. Mtoto mchanga mwenye upungufu huu akivikwa nguo zilizolala na naftalini anaweza kugeuka manjano vibaya sana. Coartem haimo katika orodha hii, wala parasetamoli kwa dozi yake. Msiache kutibu malaria kwa kuogopa!

Kuna na mambo mengine ya namna hii yasiyo ya damu. Kodeini, iliyomo katika dawa zingine za maumivu na kikohozi, inageuzwa na maini kuwa mofini. Watu wengine wamezaliwa na maini yanayoigeuza haraka sana. Kati ya watu wa Ethiopia wako wengi kuliko mahali pengi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kushindwa kupumua kwa dozi ya kawaida. Mwaka 2017 Marekani ilikataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12, na ikaonya mama wanaonyonyesha. Mama mwenye mtoto kifuani, uliza kabla ya kununua siro ya kikohozi.

Kuhusu kipimo: cha G6PD kinafanywa kwa damu kidogo. Labo mbili tulizouliza hazikuwa nacho siku ile. Moja ilisema inaweza kutuma sampuli Lubumbashi. Asiyeweza kulipia leo, aanze na mtoto ambaye mkojo wake uliwahi kuwa mweusi, au aliyekuwa manjano sana alipozaliwa, au mwenye mjomba aliyepata hivyo. Msipime mara tu baada ya shida au baada ya kutiwa damu, kwa sababu jibu linaweza kudanganya. Ngojeni kama miezi mitatu.

Jibu likipatikana, liandikwe kwenye fishi ya mtoto kwa kalamu nyekundu, ukurasa wa kwanza. Na kwenye farmasi, kataeni plakete iliyokatwa jina. Muuzaji akisema boksi limekwisha, mwombe aandike jina la dawa kwenye karatasi, hata akikunja uso.

Mfamasia wetu wa Panda amekubali kuja kwenye mkutano wa Jumatano, saa tisa. Aliomba kila mama alete fishi za watoto wake, na vidonge vyote vilivyolala nyumbani bila jina. Mwenzetu atakuja na kile kipande chake cha plakete.